Greda Huko Kinangop: Barabara Njema Huwa na Mgongo

Mtu atokaye Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara kuu ya juu hupita Limuru, kisha misitu ya Kinale, na halafu hufika Soko Mjinga, mahali ambapo viazi, kabichi, karoti na njegere hupangwa kwa mafungu kando ya njia. Wasafiri wengi hununua, hutia garini na kuendelea na safari yao bila kujiuliza vitu hivyo vimetoka wapi, wala vimefikaje pale. Vingi vyatoka Kinangop. Ukifika Flyover, ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya kulia iendayo Njabini, utakuwa umeingia katika uwanda huo ulio zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wenye milima ya Nyandarua upande wa mashariki na ukingo wa Bonde la Ufa upande wa magharibi.

Nchi hii yapendeza macho. Asubuhi ukungu hulala juu ya majani, na katika miezi ya baridi sakitu huonekana nyeupe mashambani. Zamani Wamaasai walilisha ng'ombe wao hapa. Baadaye walowezi wa Kizungu wakafanya mashamba makubwa ya mifugo. Na kuanzia mwaka 1962, katika mpango wa makazi wa ekari milioni moja, mashamba ya namna hiyo yalianza kugawanywa kwa wakulima Waafrika. Hapo ndipo mambo ya barabara yalipobadilika. Shamba moja la mlowezi lilihitaji njia moja tu hadi nyumbani kwake. Shamba lilo hilo likigawanywa kuwa mashamba madogo mengi, kila jamaa yataka njia ya kupitisha maziwa yake.

Lakini udongo wa Kinangop una tabia yake. Juu kuna udongo mwepesi usio na kina kirefu, na chini yake pana udongo mzito wa mfinyanzi ambao haupitishi maji upesi. Mvua ikinyesha, maji husimama. Mvua za milima hii ndizo zinazojaza bwawa la Sasumua, karibu na Njabini, ambalo lilimalizwa kujengwa mwaka 1956 ili kuupatia mji wa Nairobi maji. Watu wa mjini huzishukuru mvua hizo wafunguapo bomba. Mkulima wa Kinangop huzishukuru shambani na kuziogopa njiani.

KAZI ILIYONIPELEKA

Barabara kuu ya kutoka Njabini kwenda Engineer na Ol Kalou imetiwa lami, na magari hupita vizuri. Lakini mashamba mengi hayako kandokando ya lami. Kutoka kwenye lami hadi mashambani pana njia za tawi, nyingine za changarawe na nyingine za udongo mtupu, na hizo ndizo zinazoamua bei ya viazi. Mnunuzi akisikia kwamba lori lake laweza kukwama, ama hukataa kuja, ama hupunguza bei ya kila mfuko. Mkulima akiona hivyo hukodi mkokoteni wa punda au trekta ili apeleke viazi vyake mpaka kwenye lami, na malipo hayo hutoka katika faida yake. Maziwa nayo hayangoji. Yakichelewa kufika kwenye mtambo wa kupozea hukataliwa, na mama aliyeamka saa kumi alfajiri kukamua hurudi nayo nyumbani. Sitaji habari za mgonjwa au mama mja mzito usiku wa mvua, kwa kuwa kila msomaji aliyekaa mashambani azijua.

Njia moja ya namna hiyo, yenye urefu wa kilomita 4 kutoka kwenye lami kuelekea msituni, ilikuwa imeharibiwa vibaya na mvua za Machi hadi Mei. Nami nilipelekwa huko kuwa karani wa kuhesabu malori ya changarawe na kuandika saa za kazi za mitambo. Kazi ya namna hii si kubwa. Karani hukaa kando ya njia na kitabu chake, na kila lori likimwaga mzigo hutia alama moja. Lakini mtu akaaye mahali pamoja kwa majuma mawili huona mambo mengi, na yale niliyoyaona juu ya greda na dereva wake nadhani yatawafaa wakulima wote wenye njia ya changarawe mbele ya lango lao.

GREDA NI CHOMBO GANI?

Watu wengi wameiona greda, lakini wengi hudhani ni trekta ndefu tu yenye kisu tumboni. Asili yake ni Marekani. Katika mwaka 1885 mtu aitwaye Joseph D. Adams alibuni greda yenye magurudumu yawezayo kuinama. Siku zile mitambo hiyo ilivutwa na wanyama. Baadaye kampuni ya Russell ya Minneapolis ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuunganisha greda na injini ya trekta. Kampuni ya Caterpillar iliinunua Russell mwaka 1928, na katika mwaka 1931 ikatoa greda iliyoundwa tangu mwanzo kuwa mtambo mmoja ujiendeshao wenyewe. Umbo la wakati ule bado laonekana katika greda za leo.

Mbele ina magurudumu mawili, nyuma manne, na kati yake pana uwazi mrefu. Katika uwazi huo hutundikwa kisu, nacho ni bamba la chuma lililopinda kidogo, lenye urefu wa mita 3.7 hivi au zaidi, lililofungwa chini ya duara kubwa la chuma lenye meno. Duara likizunguka, kisu hugeuka. Chaweza pia kuinuliwa upande mmoja na kushushwa upande wa pili, au kusukumwa nje kando ya mtambo. Wakati wa kazi kisu hukaa mshazari, ili udongo unaokatwa uviringike mbele yake na kutokea upande mmoja, ukiacha tuta refu nyuma ya greda.

Nilimwuliza dereva kwa nini magurudumu ya mbele yanainama kama miti iliyopigwa na upepo. Alinijibu, "Bwana Karani, mzigo ulio mshazari husukuma pua ya greda kwenda kando. Gurudumu likisimama wima litateleza. Likiinama hujikaza, kama wewe unavyoegemea nyuma ukivuta ng'ombe mkaidi."

Magurudumu manne ya nyuma nayo yamefungwa mawili mawili kila upande katika mhimili unaocheza. Gurudumu moja likipanda jiwe, mhimili hupanda nusu tu ya kimo cha jiwe lile, na kisu kilicho katikati ya mtambo hupanda pungufu ya hapo. Ndiyo maana greda husawazisha mashimo, hali trekta yenye kisu mbele huyafuata tu, ikipanda pale njia inapopanda na kushuka pale inaposhuka.

MWANZO NI MTARO

Nilitazamia kwamba siku ya kwanza malori yangemwaga changarawe. Haikuwa hivyo. Kwa siku mbili halikuja hata lori moja, na kitabu changu kilikaa kitupu. Vijana kumi wenye majembe na sururu walizibua kalvati zilizojaa matope na majani. Greda nayo ilishusha ncha ya kisu katika mtaro, ikaukata upya, na udongo uliotoka humo ukapandishwa taratibu kutoka ukingoni kwenda kati ya njia. Pale mtaro ulipokuwa mrefu, vijana walichimba mitaro midogo ya kuchepusha maji kwenda kwenye majani, ili maji yasijikusanye mengi mahali pamoja na kupata nguvu ya kula kingo.

Baada ya hapo dereva alishusha meno ya kuchimbulia, akaipasua njia ya zamani mpaka chini ya mashimo yake. Wenyeji waliokuwa wakitazama hawakufurahi. Mzee mmoja aliuliza, "Mbona mnaharibu hata kidogo kilichobaki? Si mngejaza mashimo tu?" Nyapara alimweleza kwa adabu kwamba changarawe iliyotiwa katika shimo la zamani haishikani na kingo zake. Huwa kama kiraka kisichoshonwa. Magari machache yakipita hukitoa, na shimo hubaki pale pale. Lazima njia ipasuliwe hadi chini ya shimo lenye kina kuliko yote, ndipo udongo wa zamani na changarawe mpya vipate kuwa kitu kimoja.

CHANGARAWE KWA HESABU

Siku ya tatu malori yalianza kuja. Hapa nitaeleza hesabu, kwa kuwa wakulima wengi husikia kwamba fedha nyingi zimetumika katika njia fupi, nao hudhani wameibiwa. Huenda wameibiwa, huenda hawakuibiwa. Mwenye hesabu ndiye awezaye kujua.

Njia yetu ilikuwa na upana wa mita 6, na changarawe iliyoshindiliwa ilitakiwa iwe na unene wa sentimita 15. Kwa kilomita 1, hizo ni mita za ujazo 900. Lakini changarawe iliyo ndani ya lori haijashindiliwa, hivyo yahitajika kama theluthi moja zaidi, yaani mita za ujazo 1,200. Lori lichukualo mita za ujazo 10 litakwenda safari 120 kwa kilomita moja, na kwa kilomita zetu 4 ni safari 480. Tulikuwa na malori manne, na kila moja lilikwenda safari 12 kwa siku. Kwa hiyo kazi ya kuleta changarawe ilichukua siku 10.

Kutokana na hesabu hiyo, kila rundo lilitakiwa kuwa umbali wa mita 8 na kidogo kutoka kwa rundo lililotangulia. Nyapara aliweka vigingi, na taniboi wa kila lori alisimama penye kigingi kumwonyesha dereva wake mahali pa kumwaga. Yafaa wakulima wajue jambo hili. Mtu asiye na kitabu wala ofisi aweza kutembea kando ya njia na kupima kwa hatua. Akikuta marundo ya malori ya kadiri ile yako umbali wa mita 16, na njia ni ya upana ule ule, basi unene utakuwa nusu ya ule uliotakiwa, na ana haki ya kuuliza sababu.

Changarawe yenyewe pia yatakiwa kuchaguliwa. Ile nyekundu ambayo watu wengi huiita murram ni njema ikiwa ina mawe madogo ya kubeba uzito, mchanga wa kujaza nafasi kati ya mawe, na udongo kidogo wa kuvishikamanisha. Udongo ukizidi, njia huteleza wakati wa mvua. Ukipungua, mawe hutawanyika wakati wa jua. Mawe makubwa kuliko ngumi ya mtoto vijana waliyatoa kwa reki na mikono kabla kisu hakijayafikia, kwa sababu kisu kikikokota jiwe kubwa huchora mfereji katika njia iliyokwisha kusawazishwa.

Jambo jingine ni unyevu. Changarawe kavu haishindiliki, na iliyolowa mno hugeuka matope. Lori la maji lilinyunyiza, kisha dereva wa greda akashuka, akachota changarawe kiganjani na kuifinya. Ilipobaki imeshikamana kama tonge la ugali bila kudondosha maji, alipanda tena mtambo wake. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi kwa siku, wala hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo.

KUTANDAZA NA KUPIGA MGONGO

Marundo yote yalimwagwa upande mmoja wa njia, ili magari na mitambo ipate kupita upande wa pili. Greda ilipita mara ya kwanza kisu kikiwa juu, ikiyafungua marundo na kuyafanya tuta moja refu. Kisha ililivuta tuta lile kutoka upande mmoja hadi wa pili na kulirudisha tena, ili mawe na udongo vichanganyike, maana changarawe ikimwagwa mawe huporomoka yakakaa peke yake chini ya rundo. Baada ya kuchanganya ndipo kutandaza kulipoanza, kutoka kati kwenda kando, upande huu kisha upande ule.

Kasi ya greda ilinishangaza. Mtambo wenye nguvu nyingi namna ile ulikwenda mwendo wa mtu atembeaye, kilomita 4 au 5 kwa saa. Dereva alisema kwamba greda ikikimbizwa huanza kurukaruka, na kila ikiruka kisu hukata zaidi hapa na kupungukiwa pale, na mawimbi yake hubaki njiani. Alisema pia kwamba macho yake hutazama mbele ya kisu, lakini habari za njia huzipata kwa kiti alichokalia.

Sasa nafika katika jambo kubwa la makala hii, nalo ni mgongo wa barabara. Njia ya changarawe haitakiwi kuwa bapa. Kati yake yatakiwa kuwa juu kuliko kando, kwa kadiri ya sentimita 5 katika kila mita 1. Katika njia yetu ya mita 6, kutoka kati hadi ukingo ni mita 3, basi kati palikuwa juu kuliko ukingo kwa sentimita 15. Mteremko ukipungua chini ya sentimita 4 kwa mita, maji hukaa na mashimo huanza. Ukizidi sentimita 6, maji hukimbia kwa nguvu na kuchukua changarawe, na wenye magari huogopa kuinama, wakashika kati peke yake, nayo njia huchimbika mifereji miwili. Nyapara alikuwa na ubao mrefu, mnene mwisho mmoja na mwembamba mwisho wa pili, wenye pimamaji juu yake. Aliuweka njiani kila baada ya hatua chache. Tone la hewa likikaa katikati ya kioo, mteremko ni sawa. Lisipokaa, alimwita dereva arudi.

Katika kona hakukuwa na mgongo. Hapo njia nzima iliinuliwa upande wa nje na kulazwa upande wa ndani, ili gari lisitupwe nje. Na penye kalvati dereva aliinua kisu kidogo, asije akakata changarawe iliyofunika bomba na kulivunja.

Rola ilifuata nyuma. Nayo ilianza kandoni, ikipanda kidogo kidogo kuelekea kati. Ikianza kati husukuma changarawe kwenda nje, na mgongo wote hulala.

UGOMVI MDOGO

Siku ya tisa ya malori, kilomita tatu zilipokwisha, walikuja watu kuitazama kazi: wenye mashamba, vijana wa bodaboda, na bwana mmoja wa cheo aliyekuja kwa gari safi. Wote walisifu, lakini walikuwa na ombi moja. Walitaka greda ipite mara moja zaidi katikati, kisu kikiwa kimelala sawasawa, ili ile ncha ya juu iondolewe na njia ipendeze. Bwana yule alisema, "Njia mpya yapaswa kuwa laini kama meza."

Dereva alizima injini na kuvua kofia. Akasema, "Bwana mkubwa, maji yakimwagika mezani hukaa mezani."

Watu walicheka, lakini bwana yule hakucheka. Alieleza kwamba yeye ndiye atakayeulizwa na wananchi kwa nini barabara yao ina kinundu. Dereva alijibu kwamba mpito mmoja wa namna ile huchukua dakika chache, na katika dakika hizo kazi ya siku nyingi huharibiwa, kwa kuwa hukata upana wa mita kadhaa ukawa bapa pale pale magurudumu yanapopita. Nyapara alisimama upande wa dereva wake na kusema kwamba kama amri ni kufanya hivyo, basi iandikwe na itiwe sahihi. Haikuandikwa. Gari safi likaondoka, na wenyeji wengine wakanung'unika kwamba watu wa mitambo wana kiburi.

MVUA YA JIONI

Alasiri ya siku ile ile mawingu yalitoka milimani, na mvua ikanyesha kwa muda wa saa moja na nusu. Ilipopungua nilivaa koti, nikaenda pamoja na nyapara kutazama.

Njia yetu inakutana na njia nyingine ambayo ilitengenezwa mwaka uliotangulia na mkandarasi mmoja. Njia ile ilifanywa bapa, tena greda yake iliacha tuta la changarawe kila upande, na maji yasiweze kutoka kwenda mitaroni. Tulikuta maji yamesimama katikati kama katika kihori cha ng'ombe. Pikapu yenye mikebe ya maziwa ilikuwa imezama hadi kwenye mhimili, na wanaume sita walikuwa wakiisukuma huku matope yakiwarukia nyusoni. Mama mmoja alisimama kando na debe lake kichwani, akimwuliza dereva wa pikapu kama mtambo wa kupozea ungali wazi. Hakujibiwa.

Juu ya njia yetu maji yalikuwa yamekwisha kushuka. Changarawe ililowa, lakini ilikuwa ngumu chini ya viatu, na mitaro ilikuwa ikitiririka pande zote mbili. Wale wenyeji walionung'unika waliiona njia hii na ile kwa wakati mmoja, na haikuwa lazima mtu kuwaeleza zaidi.

Hata hivyo, mahali pamoja njia yetu ilikatwa. Mbele ya lango moja mwenye shamba alikuwa ameujaza mtaro kwa udongo usiku uliotangulia. Maji yalipofika hapo yalikosa pa kupita, yakapanda njiani, yakavuka upande wa pili na kuchimba mfereji ambao mtu aliweza kuingiza mguu hadi kifundo. Nyapara alimwita mwenye lango, naye alikuwa mzee wa heshima.

Mzee alisema, "Mwanangu, niliziba ili ng'ombe wangu wavuke."

Nyapara akamjibu, "Kweli Mzee, ng'ombe wako wamevuka, lakini maji hayakupata pa kuvukia."

Mzee alitazama mfereji ule kwa kitambo, kisha akamtuma mjukuu wake alete jembe. Kabla ya giza mtaro ulikuwa wazi, na magogo manne ya mkaratusi yamelazwa juu yake yawe daraja la ng'ombe mpaka hapo atakapopata bomba. Asubuhi greda ilirudi kuziba mfereji, na kazi hiyo ilitupotezea saa tatu ambazo niliziandika kitabuni.

MATUTA YA BATI

Msomaji atauliza: njia yenye mgongo mwema hudumu muda gani? Hilo lategemea mvua, uzito wa magari na mwendo wao. Barabara ya changarawe yenye magari mia hivi kwa siku yaweza kupoteza sentimita 2 au 3 za changarawe kwa mwaka mmoja. Sehemu yake huondoka kama vumbi na nyingine huenda na maji. Zile sentimita 15 hazikuwekwa ziwe za milele.

Wakati wa jua adui ni mwendo wa kasi. Madereva wote wazijua zile njia zenye matuta madogo madogo kama bati la paa, ambazo hutikisa gari mpaka misumari ikalegea. Watu wengi hudhani matuta hayo yatokana na springi mbovu au malori mazito tu. Wataalamu wa fizikia walijaribu jambo hili kwa gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga mkavu, na katika mwaka 2007 walitangaza kwamba matuta hutokea hata kama gurudumu halina springi, mradi mwendo umepita kiasi fulani. Chini ya kiasi hicho mchanga hubaki sawa. Lakini magari ya mashambani hayawezi kwenda polepole kiasi hicho siku zote. Kwa hiyo matuta yatatokea, na greda lazima irudi kuyakata hadi chini. Kuyafunika kwa changarawe juu juu hakufai, kwa kuwa baada ya majuma machache huchomoza tena pale pale.

Wakati mwema wa greda kurudi ni mara tu mvua zinapokwisha, udongo ungali na unyevu wake. Ikija katikati ya kiangazi bila lori la maji, hukwaruza vumbi kutoka upande mmoja na kulipeleka upande mwingine, na upepo hulichukua.

SEHEMU YETU SISI WANANCHI

Watu husema kwamba barabara ni kazi ya Serikali. Ni kweli kwamba tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iko mamlaka ya kitaifa ya barabara za mashambani, na tangu mwaka 2013 serikali za kaunti nazo zina barabara zao. Lakini fedha za kutunza barabara hukatwa katika bei ya petroli na dizeli. Katika mwaka 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita. Kwa hiyo mkulima apandaye bodaboda, na mama apelekaye maziwa kwa pikapu, wote wamekwisha kuilipia greda kabla haijafika. Mtu aliyelipa ana haki ya kuhesabu marundo na kutazama mgongo; tena ana wajibu wa kulinda kile alicholipia.

Mambo ya kufanya ni machache. Mwenye lango asizibe mtaro, bali aweke bomba au daraja la magogo. Asilime mpaka ukingoni mwa mtaro, kwa kuwa udongo uliolimwa hushuka na kuujaza. Mifugo isichungwe mitaroni. Kabla ya mvua, majirani washirikiane nusu siku kuzibua kalvati iliyo karibu nao. Kazi hiyo haihitaji mtambo, na greda haiwezi kuingia ndani ya bomba. Watoto wasiikaribie greda ikifanya kazi, maana hurudi nyuma mara nyingi na dereva haoni vizuri nyuma ya mtambo wake. Na mtu yeyote, awe mkulima au mwenye cheo, asimwombe dereva aondoe mgongo ili njia ipendeze.

Siku ya mwisho niliandika alama ya 480 na kufunga kitabu. Juma lile lile malori mawili ya viazi yaliingia hadi karibu na msitu na kutoka yamejaa, na wanunuzi hawakutaja tena habari ya kukwama. Greda ilikwisha kuondoka kwenda njia nyingine, na haikujulikana itarudi lini. Mpaka hapo itakaporudi, njia ile imo mikononi mwa wale wanaoishi kando yake, nao hawana mtambo, ila majembe na koleo wanavyo.